Saa ya Toledo

Nimerudi Sib, na misikiti mitatu
inaadhini kwa mpigo, mmoja ukichelewa kidogo
kama mtoto anayefuatiza wenzake darasani,
nami nimelala fofofo.
Kiyoyozi kinanguruma. Shuka hadi puani.
Mama anagonga mlango mara ya pili:
"Rayya, jua litakukuta."

Kule hakuna aliyenigongea.
Simu chini ya mto, mtetemo tu,
nisimwamshe mwenzangu wa chumba.
Theluji imelipaka dirisha
kama boko boko la sikukuu kwenye sinia.
Mguu wangu mmoja ndani ya sinki,
msichana pembeni anapiga mswaki,
macho kwenye kioo; hataki kuuliza, na anataka.
Siku ya tano akashindwa: "Miguu inakuuma?"
Nikamwambia la, naiandaa.

Adhuhuri ilikuwa chini ya ngazi za maktaba,
mimi na Idil, Msomali aliyekulia huko huko,
kati ya mashine ya soda na ndoo ya mfagizi,
boksi la karatasi tumelichana, ndiyo miswala yetu.
Yeye kafunga mikono kifuani, mie nimeiachia
kama walivyoiachia wazee wangu wa Ibra.
Wiki nzima tulitazamana kwa pembe ya jicho.
Kisha akanong'ona: "Ipi inachoka mapema,
yako au yangu?"
Mjadala wetu wa madhehebu ukaishia hapo,
tukakimbilia kipindi cha takwimu.

Ramadhani nilificha tende mbili
mfukoni mwa koti la maabara,
nikatoka ukumbini jua lilipozama,
nikafuturu nikilitazama bango la kuzima moto.
Zipo na siku nilizoziacha zikapita.
Idil hazijui. Mama hazijui.
Nazijua mie, na Anayezihesabu.

Leo Bi Shinuna amekuja kunitazama.
Kahawa ya kwanza: "Huko mnakula nyama gani?"
Ya pili: "Na ushungi, wanakuachia?"
Ya tatu anakitikisa kikombe, ametosheka,
lakini ulimi bado: "Dini hujaitupa lakini?"
Nikajibu sijaitupa, shangazi, alhamdulillahi.
Ningemwambia nini?
Kwamba hapa zulia la msikiti linameza kifundo cha mguu,
hata dukani kwenye viyoyozi kuna mshale wa kibla,
na nimelala alfajiri nne kati ya saba?
Kwamba nimeikumbuka ndoo ya mfagizi?

Usiku huu nimeamka kwa joto, si kwa uchaji.
Umeme umekatika. Nimeshuka jikoni kutafuta maji
nikamkuta Mama na tochi ya simu,
anabadilisha betri ya saa ya ukutani.
Ziko mbili pale, moja ya Maskati,
na moja, ndogo, ya rangi ya waridi,
iko nyuma saa nane.
"Hii ya nini tena, Mama, mie si nipo?"
Hakugeuka.
"Wakati wa baridi," akasema, "nikisali alasiri
hii inaniambia kwenu alfajiri imeingia.
Nikishatoa salamu nakaa kidogo pale pale.
Nasema, saa hizi kaamka. Saa hizi anatawadha,
maji ya baridi, maskini."

Nikahesabu kwa vidole gizani.
Ni kweli. Mguu wangu sinkini,
paji lake juu ya mswala wa ukindu:
dakika ile ile.
Na siku zile nilizolala, je?
Alikaa pale pale, akasema kaamka.

Sikumwambia. Nilimshikia kiti ashuke.
Spika ya msikiti wa jirani ikakohoa,
wana jenereta yao,
naye akanipa ile betri kuukuu niitupe,
akasema, "Tangulia wewe msalani,
mie miguu yangu inachelewa."